Muziki Hauongezi Akili, Hunoa Matarajio

Sauti inapoingia sikioni, neva za shina la ubongo hutoa mawimbi madogo ya umeme yanayofuata mawimbi ya sauti yenyewe, kama kivuli kinavyomfuata mtu. Mawimbi hayo hupimwa kwa elektrodi zinazobandikwa kichwani. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani waliripoti kwamba kwa wanamuziki kivuli hicho hulingana zaidi na sauti, hata inapokuwa sauti ya Kichina wasichokijua. Matokeo hayo yalinukuliwa kila mahali, na juu yake ikajengwa imani kwamba kucheza ala hubadilisha usikivu kuanzia ngazi za chini kabisa za ubongo. Mwaka 2025 imani hiyo ilipata pigo. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature Communications, uliofanyika katika maabara kadhaa kwa watu zaidi ya 260, huku mpango wake ukiwa umesajiliwa kabla ya kazi kuanza, haukupata hata moja ya tofauti kuu zilizoripotiwa zamani na tafiti ndogo. Miaka ambayo mtu amejifunza muziki haikuwa na uhusiano na ubora wa mawimbi hayo. Wala umri alioanza nao haukuwa na uhusiano.

Tangu hapo nimesoma na kusikia watu wakihitimisha kwamba suala limekwisha: muziki ni burudani tu, na habari za ubongo zilikuwa porojo. Upande wa pili, wale waliozoea kuwaambia wazazi kwamba kinanda humfanya mtoto awe hodari wa hesabu, wameendelea kusema hivyo kana kwamba hakuna kilichotokea. Naona pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja: hazijajiuliza mafunzo ya muziki yanafundisha nini hasa. Hoja yangu ni kwamba mafunzo hayo hayampi mtu mtambo mpya wa kutambua ruwaza, yaani mipangilio inayojirudia, wala hayaupanui ule aliozaliwa nao hadi umfae katika kila jambo. Huupa vipande bora vya kufanyia kazi, na huyanoa matarajio yake kuhusu sauti gani itafuata na lini. Faida hiyo ni ya kweli, ina mipaka, na makao yake hayatarajiwi kuwa shina la ubongo.

Tuanze na mtambo wenyewe, maana bila kuuelewa mjadala wote huenda kombo. Mwaka 1996 Jenny Saffran na wenzake wawili, Richard Aslin na Elissa Newport, waliwasikilizisha watoto wa miezi 8 mfululizo wa silabi usio na kituo wala mkazo kwa dakika 2 tu. Ndani ya mfululizo huo yalifichwa maneno 4 ya kubuni, kila moja la silabi tatu. Ndani ya neno, silabi moja ilifuatwa na nyingine ile ile bila kukosea. Kwenye mpaka kati ya neno na neno, silabi inayofuata ilikuwa mojawapo ya tatu. Hakukuwa na dalili nyingine. Hata hivyo watoto walipopimwa baadaye walitofautisha maneno na vipande vilivyovuka mpaka. Yaani walikuwa wamehesabu, bila kujua kwamba wanahesabu. Miaka mitatu baadaye kundi hilo hilo lilibadilisha silabi likaweka toni za muziki, na matokeo yakawa yale yale kwa watoto na kwa watu wazima.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda maabara kuliona jambo hili. Mtoto husikia kitabu changu, kitabu hiki, kitabu kimechanika, na mapema sana anajua kwamba baada ya ki na ta, silabi bu ina nafasi kubwa ya kuja, ilhali baada ya bu chochote chaweza kuja. Zaidi ya hapo, anajua kwamba neno lililoanza kwa ki- litaburuta ki- au ch- mbele yake, hata maneno mawili matatu yakiingia kati. Hakuna aliyekaa naye kumweleza ngeli ya KI-VI. Alizivuna kanuni hizo kutoka kwenye mazungumzo ya watu, kwa mtambo ule ule uliovuna maneno ya kubuni ya Saffran. Ukimwambia kitabu limechanika atashtuka kabla hajajua kwa nini. Mshtuko huo ndio alama ya kujifunza ruwaza: ubongo umebashiri, na kilichokuja hakikulingana na ubashiri.

Muziki nao huvunwa hivyo hivyo, na watu ambao hawajawahi kugusa ala. Mwaka 2009 István Winkler na wenzake walionyesha kwamba watoto wa siku 2 au 3, tena wakiwa wamelala, ubongo wao huitikia pigo la mwanzo wa mzunguko linapoachwa katika mdundo wa ngoma. Erin Hannon na Sandra Trehub waligundua jambo linalogusa zaidi. Watoto wa miezi 6 wa Amerika ya Kaskazini walitambua hitilafu katika midundo isiyo sawia (yenye mapigo ya urefu usiolingana) ya nchi za Balkani kwa urahisi ule ule waliotambua hitilafu katika midundo sawia ya kwao. Watu wazima wa huko hawakuweza. Watoto walipofika miezi 12 walikuwa wameshafanana na watu wazima, ila wiki 2 za kusikilizishwa midundo hiyo ziliwarudishia uwezo, jambo ambalo kwa watu wazima halikutokea kwa kiwango hicho. Kwa maneno mengine, kila mtu aliyekulia kati ya nyimbo ni mwanafunzi wa muziki. Wanasaikolojia Emmanuel Bigand na Bénédicte Poulin-Charronnat walipokusanya ushahidi wa miaka mingi mwaka 2006, walionyesha kwamba katika mambo mengi ya kuelewa muundo wa muziki, asiyesomea hatofautiani sana na aliyesomea.

Basi ikiwa mtambo ni wa wote, na kusikiliza tu kunaulisha, mazoezi ya miaka huongeza nini? Jibu langu naliazima kwanza kwenye chesi. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji ubao wa chesi kwa sekunde 5, kisha wakawataka waupange upya kwa kumbukumbu. Bingwa alimshinda mwanagenzi kwa mbali sana pale kete zilipokuwa zimepangwa kama katika mchezo halisi. Kete zilipotawanywa ovyo, ubingwa wake ukayeyuka. Kumbukumbu yake haikuwa kubwa kuliko ya mwingine. Alikuwa na vipande vikubwa zaidi vya kushikia, akiona ngome pale mwenzake anapoona kete tano. Mwanamuziki yuko hivyo. Asiyefunzwa husikia noti nne, yeye husikia kodi moja (noti zinazolia pamoja) inayoelekea nyumbani. Niliimba besi katika kwaya kwa miaka, na ninachokumbuka zaidi ni siku nilipotambua kwamba ninaijua noti ya mwisho ya wimbo mpya kabla haijaimbwa. Masikio yangu hayakuwa yamekua. Nilikuwa na vipande.

Mafunzo ya muziki yana sifa nyingine inayoyatenga na kusikiliza. Anayepiga ala hutoa ubashiri kwa vidole, kisha sikio linamjibu papo hapo kama alikosea. Kosa lina saa yake, lina mahali pake, na linarudiwa mpaka lirekebishwe. Sidhani kuna njia nyingi za kujifunza ambapo kitanzi kati ya kutarajia, kutenda na kusahihishwa ni kifupi kiasi hicho. Na ubongo hubadilika pale pale kazi inapofanyika. Mwaka 1995 Thomas Elbert na wenzake walipima wapigaji wa ala za nyuzi wakakuta kwamba eneo la gamba la ubongo linalohusika na vidole vya mkono wa kushoto, vile vinavyokimbia juu ya nyuzi, limetanuka kuliko kwa watu wengine, hasa kwa walioanza utotoni. Mkono wa kulia wa watu hao hao, unaoshika upinde, haukuwa na tofauti hiyo. Mtu mmoja, mwili mmoja, ala moja, na bado badiliko limechagua mkono. Anayetarajia muziki upanue akili yote kwa mkupuo angeanza kwa kulitafakari hilo.

Je, vipande na matarajio hayo hubaki ndani ya muziki? Hapa ndipo ushahidi unapokuwa mtamu, na ndipo unapohitaji tahadhari. Mwaka 2013 timu ya Ufaransa ikiongozwa na Clément François na Daniele Schön ilichapisha kazi ambayo naiona bora kuliko nyingi katika uwanja huu, kwa sababu watoto hawakujichagulia. Watoto wa miaka 8 waligawanywa, wengine wakafundishwa muziki na wengine uchoraji, kwa miaka 2. Walipimwa mwanzo, katikati na mwisho kwa kipimo cha aina ya Saffran: kusikiliza mfululizo wa silabi zinazoimbwa na kuyang'amua maneno yaliyofichwa. Waliofundishwa muziki waliendelea kuimarika; waliofundishwa uchoraji hawakuimarika. Kazi nyingine ya mwaka huo huo, iliyotumia maneno yaliyoundwa kwa alama za Morse, ilikuta kwamba wenye uzoefu mkubwa wa muziki waliyajifunza vizuri zaidi. Huko ni kuvuka kutoka muziki kwenda lugha, au kitu kinachofanana na lugha. Lakini tazama daraja lenyewe: ni sauti zinazopangika katika muda. Mtoto hakuvuka mto, amehamia chumba cha pili katika nyumba ile ile.

Wauzaji wa ahadi kubwa hutaka avuke mto. Chimbuko la ahadi hizo ni ripoti fupi ya mwaka 1993 katika jarida la Nature, iliyosema kwamba wanafunzi 36 wa chuo waliosikiliza sonata ya Mozart kwa dakika 10 walifanya vizuri zaidi katika kipimo cha kufikiri kuhusu maumbo, na kwamba athari hiyo ilidumu si zaidi ya robo saa. Ripoti ilihusu watu wazima, ilihusu kusikiliza, na ilihusu dakika chache. Miaka mitano baadaye gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, alipendekeza bajeti ya dola 105,000 ili kila mtoto mchanga apelekewe rekodi ya muziki wa namna hiyo. Baadaye ilionekana kwamba kinachomsaidia msikilizaji ni kuchangamka na kufurahi, hali ambayo hata hadithi nzuri huweza kuileta. Mafunzo halisi yalipopimwa, mambo yakawa ya kiasi. Glenn Schellenberg aliwagawa watoto 144 wa miaka 6 kwa bahati nasibu, na baada ya mwaka mmoja waliojifunza muziki walikuwa wamepanda alama takriban 7 za kipimo cha akili, dhidi ya takriban 4 kwa waliojifunza maigizo au kutojifunza chochote. Tofauti ipo, ila ni ndogo. Mwaka 2020 Giovanni Sala na Fernand Gobet walijumlisha tafiti 54 zenye watoto karibu 7,000, wakakuta kwamba kadiri utafiti unavyokuwa makini, hasa unapolinganisha muziki na shughuli nyingine ya maana badala ya kukaa bure, ndivyo faida kwa akili na masomo inavyokaribia sifuri. Wengine, akiwemo Bigand, wamepinga hesabu hizo na kudai kuna faida ndogo iliyobaki. Hata wakiwa sahihi, udogo huo hautoshi kumwambia mzazi kwamba somo la kinanda ni njia ya mkato ya kufaulu hesabu.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja yangu halitoki huko, linatoka kwa mapacha. Mwaka 2014 Miriam Mosing na wenzake huko Sweden walichambua mapacha zaidi ya 10,000. Kwa jumla, waliofanya mazoezi mengi ya muziki walikuwa na sikio kali zaidi. Lakini walipolinganishwa mapacha wa kufanana, ambao urithi wao ni mmoja, yule aliyefanya mazoezi mengi hakumzidi mwenzake katika kutofautisha toni, melodi na midundo. Maana yake nzito ni kwamba huenda mazoezi hayaleti sikio zuri. Sikio zuri ndilo linalomvuta mtu kwenye mazoezi. Silipuuzi hilo. Linabomoa kila utafiti unaowalinganisha tu wanamuziki na wasio wanamuziki halafu ukadai mafunzo ndiyo sababu, na tafiti za namna hiyo ni nyingi mno, ile ya Morse ikiwemo. Hata hivyo kipimo cha mapacha kiliuliza kama mtu anaweza kutambua tofauti kati ya sauti anazosikilizishwa. Hakikuuliza anajifunza kwa kasi gani mpangilio asioujua, wala anatarajia nini ndani ya wimbo. Isitoshe, mwaka 2018 Örjan de Manzano na Fredrik Ullén, waliokuwa sehemu ya kundi hilo la Sweden, walichukua jozi chache za mapacha wa kufanana ambapo mmoja alipiga kinanda na mwingine hakupiga, wakakuta tofauti katika maeneo ya ubongo ya kusikia na kutenda, pamoja na nyuzi zinazounganisha pande mbili za ubongo. Urithi ulikuwa mmoja, na bado ubongo ulitofautiana. Urithi unaweza kumchagua nani aanze na nani avumilie, kisha mazoezi yakaandika juu ya kilichorithiwa.

Dhaifu kuliko zote ni hoja ile inayovuma sasa: shina la ubongo halikubadilika, kwa hiyo muziki haubadilishi kitu. Udhaifu wake hauko kwenye data. Utafiti wa 2025 ni imara kuliko uliotangulia, na waliodai kwamba wanamuziki husikia vyema penye kelele kwa sababu shina la ubongo wao limenolewa wanapaswa kuliondoa dai hilo, angalau mpaka wapate ushahidi wa ukubwa huo. Udhaifu uko kwenye kurukia hitimisho. Mawimbi yaliyopimwa yanaeleza jinsi sauti iliyopo inavyonakiliwa. Ruwaza ni uhusiano kati ya sauti iliyopo, zilizopita na zinazotarajiwa. Hazimo ndani ya sauti moja hata inakiliwe kwa usafi wa kiasi gani. Mtu anaweza kuwa na macho safi kama ya mwingine na bado asijue kusoma. Kama tunataka kujua mafunzo yamefanya nini kwa matarajio, tupime mshtuko wa matarajio yanapovunjwa. Kipimo cha mshtuko kipo tangu 1978, Risto Näätänen wa Finland na wenzake walipoeleza wimbi linalotokea katika gamba la ubongo kati ya sekunde 0.1 na 0.25 baada ya sauti kwenda kinyume na mpangilio, hata msikilizaji akiwa hasikilizi kwa makusudi. Tafiti kadhaa zimeona wimbi hilo likiwa kubwa kwa wanamuziki melodi inapopotoka. Nakiri kwamba nyingi kati ya hizo ni ndogo kama zile zilizoanguka mwaka 2025. Zinahitaji kupitishwa kwenye tanuri lile lile: maabara nyingi, watu wengi, mpango uliosajiliwa mapema. Ningependa kazi hiyo ifanyike kabla ya kitu kingine chochote katika uwanja huu, tena kwa watoto waliogawanywa kwa bahati nasibu na kufuatwa kwa miaka, maana kulinganisha watu waliojichagulia kumetuchelewesha vya kutosha.

Kuna mambo hayahitaji kusubiri. Wanaotetea somo la muziki shuleni kwa kuahidi alama za hesabu wanajenga juu ya mchanga, na siku mkaguzi atakapozidai alama hizo, somo litafutwa pamoja na ahadi. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimeona watu wanaoupenda muziki wakiuuza kwa jina la kitu kingine. Mtoto anayeweza kusikia sauti nne kwa wakati mmoja na kuifuata kila moja, anayejua pigo litaangukia wapi na kulisubiri pamoja na wenzake, amepata uwezo ambao hesabu haimpi. Kwa nini uwezo huo uombe hisani kwa somo lingine ndipo uheshimiwe?

Lugha ndiyo jirani wa karibu, na huko ningewekeza matumaini ya kiasi. Kung'amua mipaka ya maneno, kusikia silabi na mizani yake, kufuata lafudhi ngeni: haya yanakaa katika nyumba moja na muziki, na majaribio kama ya François yanatoa sababu ya kuwapa nafasi watoto wanaopata shida ya kusoma kwa sababu hawazitofautishi vyema sauti za lugha. Wapewe kama nyongeza ya mafunzo ya kusoma, na matokeo yapimwe; si badala yake.

Na kama kinachofanya kazi ni matarajio yanayosahihishwa, namna ya kufundisha inabeba uzito kuliko idadi ya saa. Mtoto anayerudia kipande kimoja kwa mwaka mzima ili akipige siku ya sherehe amejifunza kipande hicho. Anayeachiwa wimbo nusu na kuulizwa umalizie vipi, anayepewa mdundo uliozoeleka kisha ukageuzwa, anayesikilizishwa midundo ya mbali angali mdogo kabla sikio halijafunga mlango kama lilivyofunga kwa watu wazima wa utafiti wa Hannon, huyo analishwa kile hasa ambacho mtambo wake unakitafuta. Utafiti unaofuata ungewapima wote wawili, saa zao za mazoezi zikiwa sawa.